Friji ya Chanjo na Soda za Wageni

Siku ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu viwili tu: ufunguo wa friji na daftari la joto. Sindano sikuruhusiwa hata kuishika. Nilikuwa kijana wa darasa la saba kutoka Tumati, nimeshuka upande huu wa Hanang na raba miguuni, nikidhani kazi ya zahanati ni kuvaa koti jeupe na kuamkiwa. Sista Paskalina, mkunga aliyekuwa mkuu wa zahanati yetu, aliniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye zile raba.

"Unajua kusoma namba?"

"Shikamoo, Sista. Najua."

"Marahaba. Soma hapo."

Nikasoma kipimajoto kilichoning'inia ndani ya friji. Tano.

"Basi sikiliza. Ikipanda ikapita nane, au ikishuka chini ya mbili, usije kuniita kwa kutembea. Unakuja mbio. Hata kama nazalisha, unapiga hodi."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu. Ninyi mnaoajiriwa sasa mna friji za sola zinazolia zenyewe zikipata joto, na taarifa mnatuma kwa simu. Sisi tulikuwa na friji ya gesi. Mwali wake mdogo wa bluu ulikuwa chini nyuma, na ukitaka kuuona unalala kifudifudi sakafuni. Nimelala pale kila asubuhi na kila jioni kwa miaka mingi, shavu kwenye saruji. Upepo wa kiangazi ukipita chini ya mlango mwali unazima, na usipougundua mapema chanjo za kata nzima zimekwisha.

Jina la zahanati silitaji, maana waliopo pale leo hawana kosa. Watu wenye kosa nitawataja.

Baada ya mwaka Sista alinifundisha mambo ya chupa. Chanjo ya surua ni unga, unachanganywa na maji yake maalumu, na ukishachanganya una saa sita tu, halafu unamwaga hata kama imebaki nusu. Juu ya chupa pana alama: duara lenye rangi, na ndani yake mraba mdogo mweupe. Joto likiingia mraba unaanza kukoza rangi pole pole, na haurudi kuwa mweupe hata uiweke kwenye barafu mwezi mzima. Mraba ukifanana na duara, dawa imekufa. Unajaza fomu ya chanjo zilizoharibika, unaandika sababu, unatupa.

"Chupa haina mdomo wa kukudanganya," alisema Sista. "Mwongo atakuwa wewe."

Baadaye alinifundisha kuchoma. Msije kuniuliza kama iliruhusiwa mtu wa darasa la saba kuchoma sindano. Wauguzi walikuwa hawatoshi, na watoto walikuwa wengi.

Kazi kubwa ilikuwa ile tuliyoiita huduma ya mkoba. Unajaza sanduku la baridi pakiti za barafu, unapanga chupa katikati, unalitia begani, unawafuata watu waliko. Nimepanda mpaka vijiji vya Gitting ambako asubuhi vidole vinakufa kwa baridi, nimeshuka tambarare za wafugaji ambako jua linataka kukuchuna ngozi. Wafugaji hawakuja zahanati, ila mnadani walikuja wote, wanaume na ng'ombe, wanawake na watoto mgongoni. Kwa hiyo siku ya mnada nilitandika turubai langu pembeni ya wauza chumvi na sufuria, nikachanja. Walinipa jina, Barafu. Mtu anaita kutoka mbali, "Barafu! Leo umetuletea maumivu gani?" na watu wanacheka, mimi nacheka. Nilikuwa na watu siku hizo. Natembea saa nne porini peke yangu na bado najiona nina watu.

Nilioa nimechelewa. Veronika alikuwa wa kwetu Tumati, mtu wa maneno machache, mkulima kweli kweli. Tulikaa miaka saba bila mtoto. Sista Paskalina alihamishiwa mbali kabla hajamwona Theresia wetu akizaliwa, na hilo bado linanisikitisha, maana angemzalisha yeye.

Mahali pa Sista akaja Mganga Mfawidhi, ndicho cheo cha mkuu wa zahanati, Bwana Yona. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye ukimletea jambo anatazama dirishani. Juu yake, wilayani, kulikuwa na Mratibu wa Chanjo, Bwana Melkiori. Huyu alikuwa na vyeti na kalamu tatu mfukoni.

Wakati huo ndipo amri ya mazoezi ilipotoka juu. Jumamosi watumishi wote wakimbie, wananchi waige, magonjwa ya moyo na sukari yapungue. Nitasema maoni yangu, kwa sababu sasa hakuna wa kunikataza. Amri yenyewe ilikuwa na maana. Mjini Katesh nimewaona wenye maduka wanashinda kwenye kiti, soda mkononi, na leo miguu yao haina hisia kwa ajili ya sukari. Hao waambiwe wakimbie. Lakini mwanamke anayefuata maji toka alfajiri na ndoo kichwani, unamwambia anyooshe viungo? Kuna afya ya mtu aliyeshiba na kuna afya ya mtu anayetafuta, na amri ilikuwa moja.

Bwana Melkiori aliipenda sana. Alikuja na suti ya michezo ya kijani, filimbi shingoni, tumbo mbele. Akatupanga watumishi na walimu barabarani, tukakimbia tukiimba. Mzee mmoja wa Kimang'ati alikuwa anapitisha ng'ombe zake. Akasimama, akaegemea fimbo, akatutazama mpaka tumemfikia.

"Barafu, nani anawafukuza?"

"Hakuna, mzee. Ni mazoezi."

"Mnakwenda wapi?"

"Tunageuka pale kwenye daraja, tunarudi."

Akawaza. "Mmesahau nini huku?"

Hata Bwana Yona alicheka. Melkiori hakucheka. Akapuliza filimbi, akasema mtu asiyejua faida ya mazoezi ni adui wa maendeleo. Mzee akamwangalia lile tumbo, akasema, "Huyu mnamkimbiza vizuri. Amejaa." Tulicheka mpaka mstari ukavunjika. Kicheko hicho Melkiori alikiweka moyoni, na aliyemwona amekosea ni mimi, kwa vile mzee aliniita kwa jina.

Halafu ikaja habari kwamba Rais atapita barabara yetu.

Mlio mijini hamjui maana yake. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Mbuzi walifungiwa. Zahanati yetu, kwa kuwa ilikuwa karibu na njia, ikachaguliwa kuwa mahali ambapo huenda akasimama, na tukaambiwa tutafanya onyesho la mazoezi mbele yake, watumishi na kina mama, halafu atasomewa taarifa ya chanjo. Melkiori akahamia kwetu. Siku ya pili akaja na gari, akashusha makreti ya soda na katoni za maji.

"Fungua friji."

"Friji ina chanjo, Bwana Mratibu."

"Nimeuliza ina nini? Chanjo weka kwenye masanduku yenu. Mkubwa atakunywa maji ya moto?"

Nikamwambia masanduku yanahimili siku moja, mbili kwa shida, na pakiti za barafu zinatakiwa kubadilishwa, na zinagandia kwenye friji hiyo hiyo. Akasema ni siku moja tu. Nikamtazama Bwana Yona. Bwana Yona akatazama dirishani.

Tukatoa chanjo, tukaweka soda. Kule juu panapogandia barafu wakaweka nyama ya mbuzi. Masanduku yakakaa stoo, chini ya bati.

Ziara ikasogezwa mbele. Ikasogezwa tena. Kila nilipoomba nirudishe chanjo niliambiwa, "Kesho anaweza kupita." Nililowesha magunia nikafunika masanduku, nikachota maji kisimani mara tano kwa siku nikimwagia. Ilikuwa kazi ya kijinga na nilijua. Mchana tulikimbia, kulia, kushoto, mikono juu. Ikafika wiki ya tatu. Nilifungua sanduku, nikatoa chupa ya surua, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mraba ulikuwa na rangi sawa na duara. Nikatoa nyingine. Zote.

Nikampelekea Melkiori mkononi.

"Hizi zimekufa, Bwana Mratibu. Tujaze fomu ya uharibifu."

"Sababu utaandika nini?"

Nikamwonyesha mraba.

"Nakuuliza. Pale kwenye sababu, utaandika soda? Utaandika soda za Rais zimeua chanjo?" Alisema kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni. "Unajua watu wangapi watapoteza kazi kwa mstari huo mmoja? Wa kwanza wewe. Darasa la saba."

"Tuwaambie akina mama warudi mwezi ujao."

"Na taarifa ya chanjo nimsomee nini? Hiyo rangi ni vumbi la stoo. Futa. Kesho kutwa ni mnada, chanja."

Mpaka leo nawaza hofu ya mtu yule. Rais hakuagiza soda ziwekwe mle. Nina hakika kama angeulizwa angesema weka chanjo, mimi nitakunywa maji ya moto. Lakini hakuna aliyemuuliza, na hakuna wa kumuuliza. Hayo ndiyo maoni yangu juu ya siasa za marais, na sijayatoa kwenye redio, nimeyatoa stoo. Mkubwa akikohoa kule juu, huku chini mtu anaanguka. Kila mwenye cheo anamwogopa wa juu yake, anaongeza ukali kidogo, anaushusha. Ukifika kwetu umekuwa mzigo usiobebeka, na aliye chini yetu ni mtoto wa miezi tisa.

Siku ya mnada Melkiori alikuja na mpiga picha. Turubai likatandikwa. Akina mama walikuwepo, ila nilikuwa nachelewachelewa kufungua sanduku, na wanawake wanaona. Mmoja wao, Udamara, mke wa mfugaji niliyemjua siku nyingi, alinisogelea na mtoto wake.

"Barafu, mbona leo hutanii? Dawa ni nzima?"

Nilijifanya natafuta pamba. Wanawake wakaanza kurudi nyuma hatua moja moja. Ndipo Veronika akatokea katikati yao, Theresia mgongoni. Alikuwa amefikisha miezi tisa wiki ile ile, na mama yake alikuwa amehesabu siku. Alidhani wanamwogopa mume wake bure. Alitaka kunisaidia.

"Anza na wangu," akasema kwa sauti, yeye ambaye hakupenda kusema mbele za watu. "Waone."

Akamfungua mgongoni, akakaa kwenye mkeka, akaushika mkono wa mtoto. Melkiori alikuwa nyuma yangu. Kamera ilikuwa mbele. Ningeweza kusema neno moja. Hata ningeweza kuidondosha chupa, ikavunjika, likaisha.

Nilichanganya, nikavuta, nikachoma. Theresia alilia kidogo, akanyamaza, akanichekea. Akina mama wakapanga foleni.

Rais alipita siku ya tatu yake. Magari yalikwenda kasi. Kioo kimoja kilishushwa, mkono ukapunga, tukapunga, vumbi likatufunika tukiwa tumenyoosha mikono juu. Soda walikunywa watu wa wilayani.

Surua ilikuja mvua zilipokatika. Ilianza tambarare, ikapanda. Mnaosoma vitabu mnaweza kuisoma, mimi niliishika: macho mekundu, mafua, halafu vipele nyuma ya masikio vinashuka kifuani, halafu mapafu. Mtoto wa Udamara alipona lakini jicho moja likaharibika. Theresia tulimpeleka Katesh, wakamweka kwenye oksijeni. Alikaa siku nne.

Sasa sikilizeni kilichofuata, maana ni kwa ajili ya hicho naandika.

Mtoto akifa kwa surua wilaya inajaza fomu, na fomu inauliza: alichanjwa? Ikiwa alichanjwa, wanauliza chupa namba ngapi, ilihifadhiwa wapi, nani aliitunza. Melkiori alikuja nyumbani kwetu kutoa pole. Alikaa, akanywa chai. Akaomba kadi ya kliniki ya mtoto, akasema ni kwa ajili ya taarifa. Nilimpa mwenyewe, haikurudi. Tulipotoka nje akasema, "Nimeandika hakuwahi kuchanjwa. Ni afadhali kwako. Saini." Bwana Yona alikuwa amekwisha kusaini na kwenye rejista amekwisha kufuta. Nikasaini.

Sikuwaza neno hilo litakwenda wapi. Lilikwenda kwenye mkutano wa kijiji. Mwezi uliofuata Melkiori alisimama mbele ya watu, akasoma kwamba kuna wazazi wazembe, na hata ndani ya nyumba za watumishi wa afya kuna mama aliyekataa kuchanja mtoto na mtoto amekufa. Hakutaja jina. Haikuhitajika. Wanawake waligeuka wote wakamwangalia Veronika.

Walimsema kisimani, walimsema mashineni. "Mke wa Barafu! Mume anachanja wa wenzie, yeye wake kamficha." Ungeuliza mbona waliokuwepo mnadani siku ile hawakusema. Wengi walikuwa wa tambarare, wameshahama na mifugo. Waliobaki waliona karatasi ya serikali imesema, wakaanza kujitilia shaka wenyewe. Veronika alinijia.

"Waambie. Wewe ulimchoma."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Sikuwaambia. Alingoja mpaka mavuno, akafunga nguo zake, akarudi Tumati kwa kaka yake. Kwetu Wairaqw zamani nyumba iliyofiwa na mtoto ilitengwa, metimani tunaita. Miezi inapita hamchukui moto kwa jirani wala hamnywi chungu kimoja na watu, halafu wazee wanakuja wanawatoa, mnarudi kwa watu. Siku hizi wengi wameiacha. Kwao Veronika bado kulikuwa na wazee wanaoijua, wakamtenga, wakamtoa. Mimi nilibaki huku kwenye nyumba ya watumishi, na hakuna aliyekuja kunitoa.

Kustaafu kwangu mnaweza kukuita kustaafu mkipenda. Ilitoka amri nyingine juu, watumishi wasio na cheti cha kidato cha nne waondoke. Barua niliyosomewa na Melkiori haikuzidi mistari mitano. Nilimkabidhi Bwana Yona ufunguo wa friji. Alitazama dirishani. Melkiori baadaye alipanda cheo akahamia mkoa mwingine, na nasikia anaongoza mazoezi huko.

Sasa nina shamba la maharage Gitting. Hata mzee sijawa. Presha ninayo, na nesi ananiambia nitembee nusu saa kila siku. Natembea zaidi ya hapo. Hakuna ninayekutana naye wa kuniita Barafu, mtu wa chanjo sasa ni msichana mwenye pikipiki. Nikirudi naweka sufuria ya mtu mmoja. Redio inazungumza uchaguzi, nani atakuwa Rais, majirani wanabishana mpaka mishipa inawatoka. Mimi nikiulizwa nasema: yeyote awe, chungeni wanaomwandalia soda.

Mwaka jana nilikwenda Tumati. Veronika alikuwa uani anapepeta. Nilimwamkia kaka yake shikamoo, akanipa kigoda, akatuacha. Nikamweleza yeye yote: stoo, magunia, mraba. Hakuwa anajua habari ya mraba.

"Ulipokuwa unachoma ulikuwa umeuona?"

"Nilikuwa nimeuona."

"Nikiwa nimemshika mkono."

"Ndiyo."

Ungo ukasimama. Nilingoja anipige, anifukuze, lolote. Akaendelea kupepeta.

"Mimi unaniambia ya nini," akasema baadaye. "Mimi nilikuwepo. Nenda kawaambie walionicheka."

Nilikwenda mnadani. Nikasimama pale nilipokuwa natandika turubai, nikaanza kusema kwa sauti. Mwanamke aliyepanga vitunguu akaniambia, "Baba, sogea, unanizibia wateja." Wengine walidhani ni mhubiri, wengine mgombea. Wale wa kisimani, wawili wamekufa, mmoja yuko Babati kwa mwanawe, mmoja alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mambo ya zamani hayo, Barafu. Nani anakumbuka?" Mimi nakumbuka, na Veronika anakumbuka.

Nikaenda zahanati. Nesi aliyepo sasa ni binti mpole, alinisikiliza, akafungua kishikwambi chake, akatafuta, akatikisa kichwa. "Baba, mfumo haunikubalii kurudi nyuma miaka yote hiyo. Na rejista za zamani zilishapelekwa." Nikamuuliza zilipelekwa wapi. Hakujua.

Basi naandika hapa, kwa mpangilio ule ule wa rejista niliofundishwa na Sista Paskalina.

Jina la mtoto: Theresia. Umri: miezi tisa. Chanjo: surua, mkono wa kushoto. Hali ya chupa: imekufa. Mchanjaji: mimi. Aliyemleta: mama yake, Veronika, kwa hiari yake, wa kwanza kwenye foleni.